Nilimwambia mtoto wa Kiyahudi kwamba Mungu alimpenda babu yake zaidi

Wakuu, amani iwe nanyi.

Humu ndani mimi ni mtu wa kusoma na kupita. Leo nimekaa na simu tangu asubuhi, uzi huu nimeufuta mara mbili, sasa naandika bila kufuta. Yote nitakayosema yamenitokea mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha, nursery siitaji, na pale nilipofanya vibaya sitajipamba.

Ni mrefu kidogo. Mwenye chai achukue chai.

Mimi ni mama wa Kipemba, naishi Barking na binti yangu Nayla. Baba yake tuliachana, tusimwingize humu.

Nilipofika nchi hii nilifanya kazi za care, nyumba ya wazee kule Ilford, miaka ya kugeuza watu kitandani mpaka mgongo ukasema basi. Nikasoma kozi ya kulea watoto, nikapata cheti. Agency wakanipeleka nursery moja kaskazini-magharibi mwa London. Treni mbili na basi.

Kwenye simu waliniambia ni nursery ya Kiyahudi, una tatizo? Nikasema sina.

Nijibu mapema maana nawajua: Muislamu anafanya nini kule? Anafanya kazi. Nilivaa mtandio wangu na hakuna aliyeniuliza. Nilichokatazwa ni kuingia na nyama kutoka nyumbani, kwa sababu jiko lao lina masharti. Siku ya kwanza nilikwenda na sambusa za nyama kwa kutojua. Zikabaki kwenye kabati la makoti, mimi nikashinda na ndizi.

Turudi kwenye uzi.

Watoto walikuwa wa miaka mitatu na minne. Mwalimu wanamwita Morah, basi na mimi nikawa Morah Zuhura, ingawa nilikuwa msaidizi tu na niko kwenye probation, kipindi cha majaribio, cha miezi sita.

Asubuhi watoto wanakaa duara wanaimba dua fupi ya kumshukuru Mungu kwa kuwaamsha. Nilishangaa, maana na sisi tunayo dua ya kuamka, na maana yake karibu ni ile ile. Wao wakiimba yao, mimi naisema yangu kimoyomoyo.

Mungu hawamtaji hovyo. Wanasema Hashem, yaani "Jina", kwa heshima.

Kabla ya kula wanashukuru. Tufaha lina maneno yake, biskuti ina yake, mkate una yake, na mtoto wa miaka mitatu anazijua zote. Ijumaa mchana, maana Sabato yao inaingia jioni hiyo, msichana mmoja anachaguliwa kuwa mama wa Sabato. Anafungwa kitambaa kichwani, Morah anawasha mishumaa miwili, yeye anafunika macho kwa viganja na kuomba, kisha unakatwa mkate wa kusuka. Mambo hayo hayakunipa shida hata kidogo.

Kilichonishinda ni maswali.

Mkuu wa nursery alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, Morah Ruth. Alikuwa na daftari kubwa lenye jalada jekundu, limefungwa kwa kamba ukutani. Mtoto akiuliza jambo juu ya Mungu, usimjibu. Unamuuliza kwanza, wewe unaonaje? Halafu unaandika swali lake kama alivyolisema. Ijumaa Morah Ruth anasoma maswali mawili matatu mbele ya duara na watoto wanajadiliana. Mungu anakula? Mungu analala saa ngapi? Mungu anaona ndani ya soksi yangu?

Swali la kifo ndilo usiliguse kabisa. Unaandika, unamwambia yeye siku hiyo hiyo, naye anaongea na wazazi, kwa sababu kila nyumba ina namna yake ya kusema.

Wakuu, nilidharau.

Mimi nimelelewa chuoni Wete, chuo cha Kurani. Mwalimu anasema, mtoto anaitikia, na bakora iko pembeni kwa asiyesikia. Nani alituuliza tunaonaje? Nikajisemea, hawa watu Mungu wanaye, lakini wanaogopa kumfundisha. Mtoto wa miaka minne ataonaje kuhusu Mungu na viatu bado anavaa kinyume?

Sikumwambia mtu. Lakini ukidharau utaratibu wa watu moyoni, iko siku mdomo utakuponza.

Kulikuwa na msichana anaitwa Noa, miaka minne na nusu. Nywele za mawimbi, maneno mengi, mkono wake daima umeshika sketi ya mtu. Kila Ijumaa alikuwa akichukuliwa na babu yake, baba wa mama yake, Zaide kama anavyomwita. Mzee mrefu, anatembea polepole, mfukoni ana peremende moja ambayo Noa lazima aitafute kwanza.

Wiki moja mzee hakuja. Moyo ulisimama akiwa nyumbani kwake, akafariki kabla ya kufika hospitali.

Kwao wafiwa wanakaa ndani siku saba, watu wanakuja kuwapa pole na kuleta chakula. Kama kwetu tu. Noa akarudi wiki iliyofuata.

Siku ya pili yake tulikuwa bustanini, mimi naosha brashi za rangi kwenye ndoo, yeye amechuchumaa pembeni anacheza na maji. Hakunitazama. Akauliza, "Morah Zuhura, kwa nini Hashem alimchukua Zaide wangu?"

Daftari lilikuwa ndani. Morah Ruth alikuwa ofisini. Nilikuwa na nafasi ya kusema, swali zuri, twende tukaliandike.

Nikamjibu. Nilisema kile ambacho mimi na wewe tungesema mbele ya kitanda cha maiti yeyote tangu Bara mpaka Visiwani. Sisi tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi. Nikakigeuza Kiingereza: "We all loved him, darling. But God loved him more."

Akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu mzima aliyeelewa. Mimi nikaona nimefanya jambo la maana. Nikajiambia, huyu amepata jibu la mtu mwenye imani. Daftarini sikuandika kitu.

Kwanza aliacha kuimba asubuhi. Anakaa kwenye duara, midomo ameifunga kabisa, na wenzake wakifika kwenye jina la Hashem anaziba masikio.

Kisha akaacha kushukuru kabla ya kula. Anabugia biskuti haraka haraka kama anaiiba.

Kisha ukaja ukorofi. Noa ambaye hajawahi kumsukuma mtu akaanza kumwaga rangi na kubomoa minara ya wenzake. Na kila akimaliza kufanya ubaya anatazama juu, kwenye dari. Nilimwona akifanya hivyo mara tatu, nne. Sikuelewa.

Ijumaa yake ya kuwa mama wa Sabato ilipofika, Morah Ruth akamfunga kitambaa. Akakivua kichwani na kukikanyaga. "Mchagueni mwengine," akasema, "mimi ni mbaya."

Walimu wote tukasema ni majonzi, yatapita. Na mimi nilisema hivyo. Nilikuwa wa kwanza kusema.

Jumatatu Mama Noa akaja. Alikuwa mjamzito wa miezi saba, msiba wa baba yake bado uko usoni. Morah Ruth akatuita walimu wote watano chumba cha wafanyakazi, mama yule akatusimulia.

Kwao usiku wa Sabato baba anaweka mikono juu ya kichwa cha mwanawe anamuombea baraka. Noa tangu mchanga alikuwa akiukimbilia mkono ule. Ijumaa ile baba yake alipomgusa alipiga ukelele, akaingia chini ya meza, akagoma kutoka mpaka chakula kikapoa. Walipomuuliza, akasema hataki Hashem ampende.

Akamwambia na mama yake, usiombe sana, atakupenda na wewe, atachukua na mtoto.

"Kuna mtu amemwambia kwamba Mungu alimpenda baba yangu zaidi yetu," Mama Noa akasema. "Nataka kujua ni nani."

Hakupandisha sauti. Morah Ruth akatuangalia mmoja mmoja.

Wakuu, nilinyamaza.

Sitatafuta maneno. Probation yangu ilikuwa imebaki wiki tatu. Nilikuwa Muislamu peke yangu mle ndani na nikajua ikitoka kwangu itasemwaje, nikamfikiria Nayla, nikafikiria kurudi kugeuza wazee. Nikatazama mikono yangu. Morah Ruth akasema tu, aliye na neno mlango wangu uko wazi. Mama Noa akaondoka ameshika kiuno.

Siku ile nilisali adhuhuri ndani ya kichumba cha makoti kama kawaida, na sijui nilisali nini.

Ndipo nikaelewa yale macho ya kwenye dari. Mtoto alikuwa anahakikisha. Anafanya ubaya, halafu anatazama kama Mungu ameona, ili amtoe kwenye orodha ya wale anaowapenda. Mtoto wa miaka minne na nusu anafanya kazi ya kumkimbia Mungu kutwa nzima, na aliyempa kazi hiyo ni mimi.

Kesho yake Noa alianguka kwenye ngazi ya bustanini akachubuka goti. Nilikuwa karibu zaidi, nikamnyanyua, nikamkumbatia kama unavyomkumbatia mtoto yeyote anayelia. Akakaza mwili wote. Akanisukuma kifuani kwa viganja viwili, bado analia.

"Usinipende sana," akasema. "Kidogo tu."

Nilimkabidhi kwa mwenzangu na kwenda moja kwa moja ofisini. Sikubisha hodi hata.

Nikamwambia Morah Ruth kila kitu. Ndoo, brashi, swali, jibu, na kunyamaza kwangu jana. Akaniacha nimalize. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Wewe nani alikwambia maneno hayo?"

Nikamweleza kwamba nilizaa mtoto wa kiume, Idrisa. Aliishi miezi mitatu. Alipofariki nyumba yangu ilijaa watu wa Barking nzima, Wapemba, Waunguja, hata Wakongo wa ghorofa ya chini, na kila aliyenishika mkono aliniambia Mungu amempenda zaidi. Na maneno yale, Wallahi, yalinisimamisha. Bila hayo nisingeamka kitandani.

"Yalikufaa," akasema. "Ulikuwa mtu mzima. Mtu mzima akisikia hivyo anajua anafarijiwa. Mtoto anajua ameambiwa jinsi Mungu anavyofanya kazi."

Halafu akasema hilo la kunyamaza ni zito kuliko la kusema, na atalishughulikia, ila mtoto kwanza. Akanyanyua simu.

Nisimame kidogo hapa. Najua kuna wanazuoni wa humu wameshaanza kunoa makucha. Imani yangu ni ile ile. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, hilo silitikisi. Lakini huu msemo wa kupendwa zaidi hakunifundisha mwalimu wangu yeyote chuoni. Ni pole yetu. Tumeipenda mpaka tumesahau kwamba tumeitunga wenyewe.

Mama Noa alikuja asubuhi iliyofuata. Tukakaa kwenye pembe ya vitabu, vile viti vya watoto vya rangi rangi, yeye na tumbo lake, mimi magoti yananifika kidevuni.

Nikamuomba radhi.

"Baba yangu alikuwa na moyo mbovu miaka tisa," akasema. "Tulimwambia mtoto ukweli, kwamba moyo uliugua na madaktari walijaribu. Alikuwa ameelewa. Wewe ukamwambia kuna aliyemtaka kuliko yeye." Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Sitaki uniombe radhi mimi. Ulilisema kwake, nenda ukalitengue kwake. Na mimi nitakuwepo nasikia."

Niliogopa, wakuu. Nimewahi kuhojiwa uhamiaji na sikuogopa namna ile.

Noa akaletwa, akakaa kwenye mapaja ya mama yake, palipobaki.

Nikamwambia, "Noa, siku ile kwenye ndoo nilikwambia jambo kuhusu Hashem. Sikuwa nalijua. Nilikosea."

"Ulisema uongo?"

"Nilisema kitu nisichokijua kama vile nakijua."

Akafikiri. "Lakini wewe ni mkubwa. Wakubwa wanamjua Hashem."

Kwa mara ya kwanza maishani nikamwambia mtoto neno ambalo mwalimu wangu wa Wete angenichapa kwalo. Nilimwambia wakubwa nao hawajui kila kitu kuhusu Mungu. Tunamuomba, tunamshukuru, na mambo mengine hatuyajui. Hatujui kwa nini mtu anakufa siku anayokufa.

Akamgeukia mama yake. "Kwa hiyo Hashem hakumtaka Zaide kuliko mimi?"

Mama yake akasema, "Zaide aliugua moyo, mpenzi. Na hakuna aliyemtaka kuliko wewe."

Nilitaka kuongeza neno, mdomo umeshafunguka, nikaukumbuka utaratibu niliokuwa naudharau. Nikamuuliza, "Wewe unaonaje, Noa?"

Akashuka mapajani kwa mama yake, akaenda mpaka ukutani, akaligusa daftari jekundu.

"Andika," akaniambia.

Nikachukua kalamu. Akasimama karibu na mkono wangu kuhakikisha naandika kweli, ingawa kusoma hajui.

"Andika, kama Hashem ananipenda, naweza kubaki hapa?"

Niliandika. Mama Noa alikuwa ameweka kiganja mdomoni, na Morah Ruth, aliyesimama mlangoni, akageuka akatazama nje.

Msidhani mtoto alipona siku ile. Hizo ni za kwenye filamu. Wiki nzima aliendelea kula biskuti bila shukrani. Ijumaa swali lake lilisomwa kwenye duara, na mvulana mmoja wa miaka mitatu akasema bila kufikiri, "Ananipenda mimi na nipo hapa." Noa akamtazama sana. Mama yake aliniambia baadaye kwamba baba mtu alianza kumbariki akimshika bega tu, kisha mgongo. Ilichukua mpaka mdogo wake alipozaliwa, mzima, na mama yake mzima, ndipo Noa akarudisha kichwa chake chini ya mikono.

Mimi probation yangu iliongezwa miezi mitatu na barua ikaingia kwenye file. Kwa kunyamaza. Naiona ni haki.

Ningeweza kuishia hapo, lakini sikuanzisha uzi kwa sababu ya hayo.

Jumapili ya wiki ile ile niliyoongea na Noa, nilikuwa namsuka Nayla. Ana miaka kumi na miwili, amekaa chini kati ya magoti yangu, simu mkononi. Kiswahili anakielewa chote lakini ananijibu Kiingereza, kama wenzake wote. Nikaona nimsimulie, nipunguze uzito. Nikamsimulia babu, brashi, dari, chini ya meza.

Simu akaiweka chini. Nilidhani anamuonea huruma Noa.

Akasema, "Mum, you told me that too."

Nikamuuliza, nini?

Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayenikumbusha kununua maziwa, kwamba Idrisa alipokufa nilimwambia hivyo hivyo. Alikuwa na miaka mitano. Nilimkalisha kitandani nikamwambia Mungu amempenda zaidi. Akasema ndiyo maana chuoni alikuwa anakosea sura kwa makusudi.

Wakuu, nilimpiga kwa zile sura. Si sana, lakini nilimpiga. Ustadhi alinipigia simu akasema mtoto ana akili ila mkaidi, anasoma vizuri mpaka katikati halafu anaharibu. Nikasema ni London hii, inaharibu watoto wetu.

Nikamuuliza ilikuwa mpaka lini. Akasema hakumbuki, labda Year Four, akiwa na miaka minane au tisa.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"You were always crying," akasema. "And it made you feel better when people said it." Yaani nilikuwa nalia kila siku, na watu wakiyasema maneno yale nilipata nafuu.

Mikono yangu ilikuwa bado kwenye nywele zake, nusu ya kichwa imesukwa, nusu iko wazi. Sikuweza kuendelea. Nilimwambia yale niliyomwambia Noa, neno kwa neno, kwamba nilisema kitu nisichokijua. Kisha nikamuuliza yeye anaonaje. Akasema hajui. Nikamwambia na mimi sijui. Tukakaa hivyo, mpaka akaniambia nimalize nywele, kesho ana skuli.

Funzo langu ni dogo. Pole zetu za watu wazima tuwape watu wazima. Mtoto akikuuliza habari za Mungu na kifo, mwambie unachokijua kweli, na pale unapoishia umwambie umeishia hapo. Nimelijifunza kwa watu ambao nilidhani hawawezi kunifundisha lolote kuhusu Mungu, na hilo nalo nimelimeza.

Wenye matusi karibuni, nimekuja nimejiandaa. Wenye uzoefu kama huu nawaomba zaidi, semeni mliambiwa nini mlipofiwa mkiwa wadogo na mlielewa nini. Lakini kabla hujaandika comment, kama humo ndani kwako yumo mtoto aliyefiwa na mtu, mwite kwanza umuulize. Wangu nilimuuliza baada ya miaka saba, na kumbe alikuwa ananisubiri niache kulia.